Mpiga Dramu Aliyeanika Godoro Langu

Mume wangu aliichukua aibu ya mwili wangu, akaipigia dramu, akampa mwimbaji wake aiimbe, na watu wanaicheza mpaka leo. Hilo ndilo alilonitendea. Nalitanguliza ili msomaji asidhani nimekuja kumsifu. Waliomsifu ni wengi, na mimi huniachia mstari mmoja tu: mkewe, mwanamke mvumilivu.

Jina lake la jukwaani ni Fimbo, na hata mimi nyumbani nilimwita hivyo, maana kwa miaka mingi hatukuwa na mtoto wa kuitiwa. Baba yake alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, karai na makopo ya kumwagilia bustani, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo watoto walikula, wakalala na wakaugua katikati ya nyundo. Mama mkwe aliniambia kwamba mwanawe alipokuwa mchanga alikuwa akilia nyundo ikisimama, siyo ikigonga. Alipokua akawa anagonga kila kitu: sahani, ukingo wa kitanda, kichwa cha mdogo wake. "Hiyo sahani imekukosea nini?" mama yake alikuwa akimwuliza. Baba yake hakumkataza, kwa sababu aligundua kwamba mtoto ana sikio. Ndoo mpya ikigongwa kwa kidole, Fimbo alijua kama mshono wake utavuja au utashika. Nimelifikiria sana sikio hilo baadaye.

Shule aliiacha kabla haijamwacha, kama anavyosema mwenyewe, akapata kazi ya kupakua saruji kwenye ghala karibu na stesheni ya reli. Nyuma ya ghala kulikuwa na bendi ya dansi iliyofanyia mazoezi hapo. Siku moja mpiga dramu wao alikuja ameng'olewa jino, taya limevimba, na kila pigo lilimwingia kwenye fizi. Fimbo akatoka ghalani, mweupe kwa saruji kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu, akaomba akalie kile kiti. Mwimbaji wa bendi, ambaye watu humwita Kasuku kwa jinsi asivyonyamaza, hupenda kuhadithia: "Tulidhani mzimu umekuja kutudai. Mzimu ukakaa, ukapiga, tukasahau kuuliza umetoka kaburi gani." Yule wa jino alipopona, kiti chake kilikuwa na mwenyewe. Ndivyo mume wangu alivyoingia kwenye muziki, kwa kupitia maumivu ya mtu mwingine.

Baadaye yeye na Kasuku walijitenga wakaanzisha bendi yao, Stesheni Jazi. Watu walidhani kiongozi ni Kasuku, kwa kuwa ndiye aliyeshika kipaza sauti na kuvaa viatu vinavyong'aa. Sivyo. Fimbo aliwaongoza akiwa nyuma yao. Kijiti kikiinuliwa, magitaa yalinyamaza. Kijiti kikimwelekea mtu, mtu huyo alicheza mpaka kishushwe. Hakuna aliyegeuka kumtazama, walimsikia tu, kama farasi anavyomsikia mpanda farasi. Hayo ni kweli na siwezi kumnyima. Alikuwa fundi.

Mimi nilikuwa dobi kwenye nyumba ya wageni iliyopakana na ukumbi wao. Kazi yangu ilikuwa mashuka. Asubuhi nilikuwa na rundo linalonifika kifuani, na nilijua yote ambayo watu hufanya juu ya shuka bila mtu kunihadithia. Fimbo alikuja pale uani siku moja akitafuta maji ya kunawa, akasimama nyuma yangu akinisikiliza nikisugua.

"Dada," akasema, "unasugua nje ya mdundo."

"Basi kaa hapa usugue wewe, mwenye mdundo."

Akakaa kweli. Alikunja mikono ya shati akasugua shuka la watu huku akipiga mluzi, maji yakamrukia mpaka kwenye masikio. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akaniambia, "Huyo mchukue, mwenzangu, mwanamume anayefua hapatikani dukani." Nikamchukua. Siku hizo nilikuwa na shingo ndefu na mdomo mkali, na sikujua bado kwamba mtu anaweza kukupenda kwa masikio tu.

Nasema hivyo kwa sababu hivyo ndivyo alivyofanya kazi, na hapo ndipo mambo yote yanaposhikia. Fimbo hakuanza wimbo kwa maneno. Maneno yalikuwa ya mwisho, aliyaita shati la kumvalisha mtu ambaye ameshazaliwa. Alianza na mdundo. Asubuhi nikifua uani kwetu, alileta dramu yake ndogo na toazi, ile sahani ya shaba yenye mguu, akakaa nyuma yangu asiseme kitu, akapiga. Alikuwa akitazama mikono yangu. Kama mikono ilifua kama ilivyokuwa ikifua, aliutupa mdundo ule akatafuta mwingine. Kama mikono ilianza kumfuata, ikasugua pale anapopiga na kupumzika pale anapopumzika, aliushika. "Mikono yako ndiyo mizani yangu," alikuwa akisema. "Kasuku anaweza kunidanganya, mikono yako haiwezi." Nyimbo zote zilizowapeleka mbali zilipitia kwenye karai langu. Nilijivuna. Mtu ambaye wakati huo hakujua kuandika hata jina lake, mikono yake inaamua nini mji utacheza. Ningejivuna kwa nini kingine?

Kisha nikabeba mimba yetu ya kwanza.

Uchungu ulinishika nikakaa nao muda mrefu kupita ambavyo mtu anapaswa kukaa. Mkunga alikuwa mwanamke mwema lakini alichelewa kukubali kwamba mambo yamemshinda. "Mficha uchi hazai, mwanangu, jiachie," aliniambia, nami nikajiachia, na mtoto hakuja. Nilipofikishwa hospitali alitolewa, mvulana, ameshakufa. Walinionyesha. Alikuwa na vidole virefu vya baba yake.

Nilirudi nyumbani bila mtoto, na baada ya siku chache nikaona mkojo unanitoka wenyewe. Siyo kwamba nashindwa kuuzuia. Hapakuwa na cha kuuzuia. Nikikaa unatoka, nikisimama unatoka, nikilala unatoka, tone baada ya tone, na harufu inakwenda mbele yangu kama mtangazaji. Kazi kwenye nyumba ya wageni nikaiacha kabla hawajaniambia. Nilikuwa nimefua mashuka ya kila aina ya watu, sasa nikafua ya kwangu, kutwa.

Hapa lazima niseme haki, ingawa inaniuma. Fimbo hakuniacha. Wanawake wengine waliopatwa na hayo waliachwa kabla kidonda hakijakauka. Yeye alibaki. Godoro lilipolowa, alilibeba mwenyewe asubuhi majirani wakiwa bado ndani, akalilaza juu ya ukuta wa uani upande wa jua, akaligeuza mchana. Jirani mmoja, mke wa kinyozi, alipouliza, Fimbo alimjibu bila kupepesa macho.

"Kunguni, shemeji. Wametuvamia."

"Kunguni kila siku?"

"Wa kwetu ni wabishi. Wana chama."

Yule mama akacheka akaenda zake, nami nilikuwa nyuma ya mlango nikimpenda mume wangu kuliko siku ile aliyofua shuka. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tulikuwa watu wawili wenye siri moja, na niliamini kwamba imefika mwisho wake hapo.

Siku zile bendi ilikuwa imedoda. Bendi nyingine ilikuja mjini na magitaa mapya, ukumbi wao ukawa unajaa na wa kina Fimbo unabaki viti vitupu. Alikaa nyuma yangu uani asubuhi baada ya asubuhi, akajaribu hiki na kile, mikono yangu ikakataa. Hata mimi nilitaka imkubali. Kisha akaja na mdundo mmoja wa ajabu. Dramu kubwa chini, polepole, kama mtu mwenye usingizi anayetembea, na juu yake ncha ya kijiti ikigusa ukingo wa toazi: ti. Kimya. Ti. Kimya. Ti, ti. Hujui lini itafuata, na ukishaisikia moja huna budi kuingoja nyingine. Mikono yangu ikaanza kuingoja. Niliona mwenyewe nimesimamisha nguo majini nikisubiri ile ti, ikija nasugua. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu kifo cha mtoto.

"Hii," nikamwambia, "hii itajaza ukumbi."

"Unaonaje hapo juu, hiyo ya shaba? Niitoe?"

"Ukiitoa umeharibu. Hiyo ndiyo yenyewe."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu akavikusanya vijiti vyake akaenda mazoezini. Nilichokuwa nikifua wakati ule ni vitambaa vyangu vya usiku. Ti yenyewe ilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyevuja hivyo, chini ya kitanda, kwenye beseni aliloliweka yeye ili sakafu isioze, naye akalala karibu yangu akasikiliza kwa lile sikio lake la ndoo. Na nikampa ruhusa. Nikamwambia asiiondoe.

Maneno niliyasikia kutoka redioni kwa kinyozi, ukuta kwa ukuta. Kabla sijasikia neno hata moja, mikono ilishaanza kusugua, maana ilikuwa inaujua mdundo ule. Nikatabasamu, nikasema wimbo wetu huo, umefika redioni. Kisha Kasuku akaanza. Unahusu mwanamke mlevi. Mumewe anarudi kutoka kazini, anakuta mke amelewa amelala, na asubuhi inayofuata jirani anauliza kuna nini. *Jana ulikuwa baa, leo godoro juani.* Na pale kwenye kiitikio bendi yote inaimba *tone, tone, jirani usiulize*, halafu wote wananyamaza, na toazi peke yake linasema ti. Nikasikia kinyozi anacheka na mteja wake. Mke wa kinyozi akatokeza kichwa juu ya ukuta, akaliangalia godoro langu lililokuwa pale juani, akaniangalia mimi, akakirudisha kichwa. Hakusema kitu. Mpaka leo namshukuru kwa hilo, na mpaka leo siwezi kumtazama machoni.

Fimbo aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbao, sikupika.

"Mwanamke yule ni nani?" nikamwuliza.

"Mwanamke gani?"

"Wa kwenye godoro."

"Aa, mke wangu, wimbo ni wimbo tu. Yule ni mlevi. Wewe pombe unaijulia wapi?"

"Na kunguni wetu wamekwenda wapi?"

Akavua kofia akaizungusha mkononi. "Watu hawawezi kucheza kunguni," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nilijaribu maneno mengine. Hayakukaa. Yalikaa hayo." Nilipozidi kulia alikasirika kidogo, kama watu wanavyokasirika wakijua wamekosa, akasema neno ambalo nimekuja kulisikia kwa watu wengi baada yake: "Sikukuacha lakini. Au nilikuacha?"

Neno hilo limenifunga mdomo kuliko kofi. Wifi yangu alilisema. Mama mkwe alilisema, tena kwa upole, akinishika bega. Nikilalamika naonekana punda mwenye kurudisha fadhila kwa mateke. Kwa hiyo nikanyamaza, na wimbo ukatembea. Ulitembea kuliko nyimbo zao zote. Stesheni Jazi wakarekodi, wakazunguka mikoa, wakavuka mipaka, wakanunua suti za rangi moja. Watoto wa mtaani wakinipita walikuwa wakifanya ti kwa ulimi. Hawakunijua, walikuwa watoto tu, walimfanyia kila mtu. Lakini mtu mwenye kidonda hudhani kila mkono unaonyooshwa unakuja kukigusa. Nikaacha kwenda sokoni saa za watu.

Aliyeniokoa ni dada yangu mkubwa. Alikuja kutoka mbali bila kuitwa, akanikuta nimekalia gunia, akasema, "Wewe, mbona hukunena?" Nikamwambia siri ya nyumbani haisemwi. "Siri?" akasema. "Mbona nimeicheza harusini?" Alitaka kunichekesha tu kwa ule wimbo wa godoro. Alipoona uso wangu akakaa chini akanikumbatia na harufu yangu yote, ndipo akaelewa kwamba wimbo ule ni mimi. Akanipeleka hospitali moja katika mji mwingine yenye wodi ya wanawake wa aina yangu. Muuguzi akaniambia kwamba ugonjwa wangu una jina, fistula, na unashonwa. Nilikuwa nimeishi nao nikidhani ni wangu peke yangu, kumbe tulijaa wodi nzima, wengine wakubwa kuliko mama yangu, wengine bado wana nyuso za watoto wa shule. Sakafu ilikuwa imelowa na hakuna aliyemsema mwenzake.

Mchana mmoja mfagiaji aliwasha redio yake dirishani, na ukapigwa ule wimbo. Wodi ikachangamka. Walikuwa wanaujua wote. Kitandani mwangu nilifumba macho nikasikia wanawake wanaovuja wanaitikia *tone, tone*, wengine wanacheka mpaka wanashika mishono. Mmoja wa upande wa pili, mama wa makamo, alisema, "Huyu mlevi naye ana bahati. Yeye angalau alikunywa." Wakacheka tena, kisha kicheko kikapungua chenyewe, kama taa inayoishiwa mafuta, na mtu mmoja akasema, "Zima hiyo." Mfagiaji akazima. Niligeukia ukutani. Ningeweza kuwaambia: mnayemwimba yuko hapa, kitanda cha karibu na mlango, na hajawahi kuonja pombe. Sikuweza. Kati ya watu wote duniani, hao wangenielewa, na hata kwao niliona haya.

Nilishonwa nikapona. Nilitembea kutoka wodini mpaka lango la hospitali nikiwa mkavu, nikarudi, nikatembea tena, kwa raha tu ya kutembea. Fimbo alikuwa safarini na bendi. Aliporudi akanikuta nimetandika godoro jipya, alilia, na sidhani kwamba alilia uongo. Baadaye nikapata binti, alitolewa kwa kupasuliwa ili nisiharibike tena, na huyo ndiye aliyenipa jina la kuitwa, Mama Fulani kama wanawake wengine.

Nilimwomba Fimbo jambo moja tu. Auache wimbo. Akasema bendi inakula kutokana na huo, wakipanda jukwaani watu hawatoki mpaka wausikie. Basi, nikamwomba lingine: siku moja, kabla ya kuupiga, asimame aseme kwamba yule mwanamke hakuwa mlevi. Alikuwa mzazi. Aseme kulikuwa na mtoto. "Nitasema," akaniambia. Na akaendelea kuniambia hivyo katika miaka ya suti, na katika miaka iliyofuata, vinanda vya umeme vilipokuja vyenye dramu ndani yake, na kijana mmoja mwenye kinanda akawa bendi nzima. Fimbo alivitukana vinanda hivyo. "Kitu kisichotoka jasho kitajuaje mdundo?" Lakini kumbi zilivipenda, kwa kuwa havili wala havichelewi. Wapiga gitaa wakaondoka mmoja mmoja. Stesheni Jazi ikabaki yeye na Kasuku na vijana wa kuazima, wakipiga hotelini watu wakila, hakuna anayegeuza kichwa. Ila ukifika ule wimbo vijiko vilisimama.

Binti yetu aliuleta nyumbani kutoka shuleni, wameucheza kwenye sherehe ya kufunga muhula. Aliuimba mbele yangu na mkono kiunoni. Nilimpigia makofi. Alipokuwa mtu mzima na yeye akabeba mimba, ndipo nilipomweleza, kwa kuwa nilitaka awahi hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Baba anajua kwamba unaumia?" Nikamwambia anajua. Akasema, "Basi atasema. Mimi nitahakikisha."

Nafasi ikapatikana. Halmashauri ya mji iliamua kuwatuza wanamuziki wakongwe, na Fimbo akawa wa kwanza. Sherehe mchana, ukumbi wa mji, viti vya mbele vya wakubwa na familia, watu wa redio na mashine zao. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kutetemeka, daktari amemwambia utazidi, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba hatapiga tena hadharani baada ya siku hiyo. Mimi nilijua zaidi. Neno langu kama halikusemwa siku ile, mbele ya wale waliocheza, litasemewa wapi tena? Jikoni?

Binti alimkalisha baba yake siku iliyotangulia. Nilikuwapo.

"Baba, utasema?"

"Nitasema, mama."

"Utasemaje? Hebu nisikie."

Fimbo akatazama vidole vyake. "Hakuwa mlevi," akasema, "alikuwa mzazi. Na mtoto alikuwa wangu." Alilisema vizuri. Sauti haikutetemeka, mkono tu. Nikalala nikiwa mwepesi kama siku ile nilipotoka hospitali.

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Walimpa ngao, wakatoa hotuba, wakaniita nisimame nikasimama, wakanipigia makofi ya mke mvumilivu. Kisha Fimbo akakaa kwenye dramu, na mtu akamsogezea kipaza sauti mdomoni. Alimshukuru baba yake na nyundo zake. Alimshukuru mwenye ghala. Aliwataja wenzake waliotangulia mbele ya haki, mmoja mmoja. Akasema, "Na mke wangu," akanitazama, nami nikashika mkono wa binti. "Mke wangu mnamjua. Bila yeye nyimbo hizi zisingekuwepo."

Watu wakashangilia. Akangoja watulie. Walipotulia, wakawa wanamngoja yeye, wote wanajua kinachofuata, wengine wameshaanza kuinuka kwenye viti. Nikamwona anauangalia ukumbi uliojaa vile, baada ya miaka ya hoteli, na nikajua kabla hajafanya. Aliinua kijiti. Mkono uliokuwa ukitetemeka uligusa toazi, na ti ilitoka tamu kuliko zamani.

Sikumbuki ngazi za jukwaa. Nakumbuka ubaridi wa shaba. Nililishika toazi kwa mikono miwili, likanyamaza. Dramu kubwa ikaendelea mapigo machache, ikanyamaza nayo.

"Mke wangu," Fimbo akasema taratibu, "watu wanangoja."

"Na mimi nangoja."

Kipaza sauti kilikuwa kati yetu. Alikigeuza kando kwa mkono, akainama mpaka sikioni mwangu, akasema, "Nisamehe." Nilihisi pumzi yake. Nikamwonyesha kipaza sauti kwa kidevu. Aseme huko. Alifungua mdomo, ninaapa alifungua, na hapo Kasuku, aliyekuwa mbele na kipaza sauti chake, akaona kimya kimezidi akafanya kazi aliyoifanya maisha yake yote.

"Jamani," akasema, "mama kaja kuchukua godoro lake."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hakujua, sitasema alijua. Nilimtazama Fimbo. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kona ya mdomo wake ilikuwa imepanda. Alitabasamu, kama mtu aliyeokolewa.

Niliachia toazi nikashuka. Mgongo wangu ulisikia macho yote, na nilikuwa mkavu kabisa, lakini nilitembea kama nilivyokuwa nikitembea zamani, miguu imebanwa pamoja, nikiogopa kuacha alama sakafuni. Binti alinifuata. Tulipofika nje wimbo ulikuwa umeshaanza upya.

Fimbo sasa yuko nyumbani. Vijiti vimewekwa juu ya kabati, kikombe namshikia mimi, na nguo zake nazifua kama zamani. Sikumwacha. Anaweza kukaa pale uani, tukaongea habari za mjukuu, tukacheka. Ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Watu wa redio humjia bado, humwekea mashine mbele, na yeye huwaeleza habari za saruji, za jino la yule mpiga dramu wa kwanza, za suti. Wakifika kwenye wimbo ule husema ulikuja wenyewe.

Ninachodai ni kile alichokisema mbele ya binti yetu: kwamba hakuwa mlevi, alikuwa mzazi, na mtoto alikuwa wake. Akiseme mahali ambapo watu wanasikia, wale wale walioambiwa lile lingine. Kosa la ukumbini haliombewi msamaha sikioni. Anayedaiwa kwanza ni Fimbo, muda wote atakaokuwa na sauti. Akiondoka kabla hajasema, anayedaiwa ni Kasuku, ambaye binti yangu amekwenda kumweleza yote, na hivi sasa anajua.